Nchi ya Mia Moja Ishirini kwa Themanini

Ipo nchi, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, inayoitwa Jamhuri ya Shwari. Wananchi wake ni watulivu kwa mujibu wa Katiba, ibara ya tatu. Mwaka ule tunaouzungumzia, Rais wa Shwari alisafiri kwenda mkutanoni ng'ambo, na huko daktari mmoja asiye na adabu akamfunga mkanda wa kipimo mkononi, akasoma, akamwambia kwamba presha yake ni mia moja tisini na sita kwa mia moja na kumi. Rais hakuwa amezoea kuambiwa namba ambayo hakuipitisha mwenyewe. Alirudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kesho yake ikatoka Amri. Ilisema kwamba kuanzia saa sita mchana, presha ya kila raia wa Shwari ni mia moja ishirini kwa themanini, na atakayekutwa na namba nyingine atahesabiwa kuwa amejipandishia mwenyewe kwa nia mbaya. Saa sita ilipofika redio ilipiga wimbo wa taifa, kisha mtangazaji akathibitisha kwamba presha imeshuka nchi nzima, isipokuwa wilaya mbili za kaskazini ambako umeme ulikuwa umekatika na taarifa haikuwafikia.

Katika zahanati ya Mlangobati, pembeni mwa mji mkuu, muuguzi mmoja aitwaye Sikudhani Mapunda aliisikiliza redio hiyo akiwa amemfunga mkanda fundi cherehani mmoja, Mzee Ndekirwa. Zebaki ilikuwa imesimama kwenye mia moja sabini.

"Vipi nesi," mzee akauliza, "imeshashuka?"

"Bado, mzee. Labda iko njiani."

Alilisema kwa utani, lakini lilipomtoka tu akageuka kutazama mlangoni. Tangu siku ile Sikudhani akawa na tabia hiyo ya kutazama mlangoni.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mjane, anaishi na mama yake mzazi. Katika miaka ishirini na tisa ya kazi hakuwahi kusifiwa kwa lolote ila mkono wake. Alimkalisha mgonjwa dakika tano kabla ya kumpima. Alimtaka aweke miguu chini, asikunje nne, asizungumze. Alipima mara mbili. Watu wa Mlangobati walisema namba ya Nesi Sikudhani haina ubishi, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

* * *

Amri peke yake haikutosha, kwa sababu watu waliendelea kupooza upande mmoja bila kibali. Ndipo Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Pantaleo Ngwengwe, ambaye kitaaluma alikuwa mtaalamu wa bendera, akalitangazia taifa kidonge chake. Kiliitwa Tulizo. Kilikuwa cha buluu, kikubwa kama kishikizo cha koti, upande mmoja kina uso wa Rais na upande wa pili uso wa Waziri, mdogo kidogo kwa heshima.

Kwa kuwa nchi zinazojiheshimu hujaribu dawa kabla ya kuitumia, Shwari nayo ingeijaribu, na matokeo yangekuwa mazuri. Hilo lilikuwa limeshapitishwa na Baraza la Mawaziri. Jaribio akakabidhiwa Daktari Ladislaus Kihwelo, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alieleza kwamba watachukuliwa wagonjwa mia nne. Nusu watapewa Tulizo, na nusu watapewa vidonge vya buluu vya unga wa muhogo, na wala mgonjwa wala muuguzi hatajua nani kapewa nini mpaka mwisho.

"Yaani kuna kitu ambacho Serikali haitakijua?" Waziri akauliza.

"Kwa muda tu, Mheshimiwa."

Waziri akakubali, ilimradi Idara ya Usalama wa Utulivu ijue. Ndiyo maana Sikudhani, aliyeteuliwa kuwa mpimaji mkuu, alipofika kazini Jumatatu alikuta kiti kimeongezwa karibu na mlango, na juu yake ameketi mwanamume mwembamba mwenye suti ya kijivu. Alijitambulisha kwa jina moja, Lufingo. Alikuwa na daftari lake. Kila namba aliyoiandika Sikudhani, naye aliiandika. Wakati mwingine aliandika hata pale ambapo hakuna aliyesema kitu.

Mzee Ndekirwa alikuwa miongoni mwa wale mia nne. Wiki ya kwanza presha yake ilishuka kutoka mia moja sabini mpaka mia moja ishirini na nane, na Sikudhani akaona aibu kwa mawazo mabaya aliyokuwa nayo juu ya Serikali. Wiki ya pili mzee alipoinuka kitini alishika ukuta.

"Nesi, nikisimama dunia inainama upande mmoja."

Wiki ya tatu midomo ilikuwa imemvimba mpaka maneno yanamtoka nusunusu. Wiki ya nne zebaki ilipita mia moja tisini. Sikudhani alimpima mara tatu, akitumaini kwamba mkono wake umeanza kuzeeka. Mkono ulikuwa sawa. Kilichobaki kilikuwa ni kumwambia mzee aache kidonge kile, siku hiyohiyo. Maneno yalishafika kooni. Nyuma yake akasikia kalamu ya Lufingo ikisimama, ikimsubiri.

"Endelea na dozi, mzee," akasema.

Wiki ya tano alikuja mkwe wa mzee, mke wa mwanawe, amejifunga kanga kiunoni. Alisema mzee aliinuka kwenye cherehani kwenda kufungua dirisha, akaanguka, hakuinuka tena. Alikuja kuomba kadi yake ya zahanati, maana wazishi waliambiwa hawawezi kuchimba bila kadi. Sikudhani alimpa. Huzuni ilimfika jioni, lakini kilichotangulia pale pale, mbele ya yule mwanamke, kilikuwa hofu. Aliwaza kama saini yake ipo kwenye ile kadi. Ilikuwapo.

* * *

Jaribio lilipokwisha, waliitwa wizarani. Meza ilikuwa ndefu kiasi kwamba waliokaa mwisho walipewa nakala ya hotuba ili wajue kilichosemwa mwanzoni. Daktari Kihwelo alisoma matokeo kwa sauti ndogo. Kati ya mia mbili waliomeza Tulizo, thelathini na mmoja walianguka na saba walifariki. Kati ya waliomeza muhogo walianguka wawili, na hakufa mtu. Baada ya wiki nne, presha za waliomeza Tulizo zilikuwa juu kuliko walivyoanza.

Waziri alimsikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono.

"Daktari, tatizo lako ni lugha. Umesema wameanguka. Mtu akianguka si ametoka juu kwenda chini? Na sisi tulikuwa tunatafuta nini, kama si kushuka? Andika kwamba walikaa ghafla."

Katibu akaandika.

"Na hawa saba. Wakati wanazikwa, presha yao ilikuwa ngapi?"

"Mheshimiwa, maiti haina presha."

"Sifuri kwa sifuri," Waziri akasema taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi. "Ndugu zangu, hakuna dawa duniani iliyowahi kushusha presha mpaka hapo. Andika kwamba saba walipata utulivu wa kudumu."

Ukumbi ulipiga makofi. Daktari Kihwelo alivua miwani yake, akasema kwamba yeye hawezi kutia saini. Hakupaza sauti. Wiki ileile gazeti la Serikali lilimpongeza kwa kuteuliwa Mkurugenzi wa Utafiti wa Barafu katika kituo cha jangwani, na hakuna aliyemwona tena akitoka nyumbani kwake. Mkewe alisema alisafiri bila viatu.

Karatasi ikapita mpaka kwa Sikudhani. Lufingo alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, na pumzi yake ilimfika shingoni. Akatia saini. Alipokwenda maliwatoni kunawa wino, alijipima mapigo kwa vidole viwili na saa ya mkononi, kisha akaacha kuhesabu, maana hata namba yake mwenyewe aliiogopa.

* * *

Mama yake, Bi Havijawa, alikuwa na miaka sabini na mitatu, na kwa miaka kumi na moja alikuwa akimeza kidonge kimoja kidogo cheupe kila asubuhi baada ya chai. Kidonge kile kilitengenezwa nchi za mbali na kujaribiwa na watu wengi sana. Madhara yake yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi nyembamba iliyokunjwa ndani ya boksi. Bi Havijawa alikohoa kidogo mwaka wa kwanza, akabadilishiwa aina, na tangu hapo alipika na kugombana na majirani kama kawaida.

Sasa vidonge vyeupe vilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni ile karatasi ya kwenye boksi. Waziri aliishika mbele ya kamera na kusema, "Wenyewe wanakiri kwamba dawa yao ina madhara. Tulizo haina karatasi yoyote." Magari yakapita mitaani kukusanya maboksi, yakachomwa moto kwenye uwanja wa maonyesho. Moshi wake ulikuwa mweupe, na wazee walisimama upande unakoelekea upepo, wakivuta.

Kila Jumatatu asubuhi, watu wote waliopita miaka arobaini, isipokuwa wauguzi waliokuwa kazini, walipanga foleni kwa balozi wa nyumba kumi kumeza Tulizo hadharani. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza Sikudhani hakulala wala hakula. Asubuhi alimshika mama yake mkono barazani.

"Mama, usikimeze. Nakuomba."

"Na wakiniona?"

"Sijui, Mama. Sijui nikwambie nini."

Bi Havijawa akamtazama binti yake kwa muda. Aliona jinsi mashavu yalivyobonyea.

"Mwanangu, nimelea watoto sita waliokuwa wakinificha dawa mashavuni. Wewe ulikuwa wa kwanza. Nitashindwa mimi kumficha balozi?"

Akaenda, akafungua kinywa, akapokea, akanywa maji, akasema "Utulivu oyee" kama sheria ilivyotaka, akarudi nyumbani na kukitemea kidonge kwenye shimo la taka. Ulimi wake ulikuwa wa buluu. Jumatatu iliyofuata alimfundisha jirani wa kulia, na baadaye hata yule wa kushoto ambaye hawakuwa wakisalimiana. Sikudhani alipogundua kwamba mtaa mzima unatembea na shavu moja limetuna, alifunga madirisha. Alijua habari ya namna hiyo hufika Idarani haraka kuliko barua.

* * *

Alhamisi moja, baada ya mgonjwa wa mwisho kutoka, Lufingo alisimama, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Akavua koti. Akakunja mkono wa shati.

"Nipime," akasema.

Sikudhani alimfunga mkanda. Akasubiri dakika tano, na zilikuwa dakika ndefu kuliko zote alizowahi kuzisubiri kazini. Alijua mtego ukoje. Akisoma mia moja ishirini kwa themanini, atakuwa salama. Zebaki ikapanda, ikashuka, ikadunda kwenye mia moja tisini na nane. Akarudia. Ilikuwa vilevile, kwa mia moja ishirini na mbili.

Mtu yule alikuwa amemeza Tulizo kila Jumatatu, bila kudanganya, kwa sababu alikuwa mtumishi mwaminifu. Vifundo vyake vya miguu vilikuwa vimefura juu ya soksi. Sikudhani alimkumbuka Mzee Ndekirwa akishika ukuta, na sauti yake mwenyewe ikimwambia aendelee.

"Mia moja tisini na nane kwa mia moja ishirini na mbili," akasema. "Usikimeze tena kile kidonge, Bwana Lufingo. Kitakuua."

Lufingo alishusha mkono wa shati, akafunga kishikizo, akavaa koti. Akachukua daftari lake, akaandika kitu, akatoka bila kuaga.

Kesho yake kiti kilikuwa kitupu. Saa tisa alasiri gari jeusi lilisimama nje ya zahanati, na dereva akamwambia Sikudhani apande. Aliomba ruhusa ya kumpigia mama yake simu. Dereva akasema simu hazihitajiki huko waendako. Njiani alijaribu kukumbuka kama maharage yalibaki jikoni, na kama mama ataweza kuinua ndoo mwenyewe. Mkoba wa kipimo alikuwa ameukumbatia kifuani, na hakukumbuka nani alimwambia auchukue.

Gari halikwenda Idarani. Liliingia kwenye nyumba kubwa yenye mapazia yaliyofungwa. Sebuleni, akiwa na fulana na kikoi, ameketi Waziri Ngwengwe. Lufingo alisimama karibu na kabati, macho chini.

"Huyu ameniambia una mkono wa kweli," Waziri akasema, akanyoosha wake. "Nipime. Ukinidanganya nitajua."

Ilikuwa mia mbili na sita kwa mia moja kumi na nane. Sikudhani alipoitaja, Waziri alifumba macho.

"Mheshimiwa, Tulizo unaimeza?"

"Kwani mimi ni mjinga? Sijawahi. Nilikuwa natumia vile vyeupe, vikaisha." Akafikiri. "Havipatikani kabisa?"

"Vilichomwa, Mheshimiwa."

"Nani mpumbavu aliyeamuru..." Waziri akaanza, akanyamaza. Kisha akasema, "Na vya mama yako? Nasikia aliweka akiba. Ana umri gani?"

"Sabini na mitatu."

"Basi ameshakula chumvi nyingi," Waziri akasema kwa upole, akimaanisha kwamba bibi ameishi vya kutosha.

Sikudhani akajisikia akizungumza haraka, kama mtu anayekimbia gizani bila kuona njia. Alisema vya mama yake vimebaki vya wiki mbili, na dawa hizi si za kumeza siku unapotishika na kuacha siku unapojisikia vizuri. Humezwa kila siku, maisha yote, na ukiziacha presha inarudi. Wiki mbili hazitamfaa Mheshimiwa. Kinachohitajika ni kuagiza.

Waziri akaita katibu wake.

* * *

Kuagiza dawa iliyopigwa marufuku kulikuwa na ugumu wake, lakini Shwari ilikuwa na fomu kwa kila ugumu. Vidonge viliandikwa kuwa ni peremende za wageni wa Serikali. Waziri alitaka za viongozi arobaini. Fomu, hata hivyo, haikukubali kiasi kilicho chini ya kontena moja, na hakuna afisa aliyethubutu kuuliza kwa nini. Likaja kontena zima, likawekwa ghalani, na Lufingo, kwa kuwa alishajua siri, akafanywa mlinzi wake.

Sikudhani alimpima Lufingo kila wiki. Alimwanzishia dozi ndogo, akamwonya asiinuke kitandani kwa pupa, akamuuliza kama anakohoa, kama miguu inavimba. Mia moja tisini na nane ikawa mia moja sitini, kisha mia moja thelathini na sita. Siku aliyoisikia namba hiyo Lufingo alikaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kuinuka.

"Mke wangu naye anaumwa kichwa," akasema hatimaye. "Na mama mkwe."

"Walete."

"Na jirani yangu."

Hivyo ndivyo peremende za wageni wa Serikali zilivyoanza kutoka ghalani, boksi moja moja, chini ya koti la kijivu. Sikudhani alimpima kila aliyekuja, akamkunjia vidonge kwenye kipande cha karatasi, akamwambia asile chumvi ya kunyunyiza mezani, arudi baada ya wiki. Kwenye fomu ya Serikali aliandika mia moja ishirini kwa themanini, kama sheria ilivyotaka. Kila mlango ulipogongwa moyo ulimruka. Hakuzoea. Watu husema mtu huzoea hofu. Yeye kila asubuhi aliikuta mpya.

Ikapita miezi minane. Watu wakaacha kuanguka mitaani. Na kwa kuwa watu waliacha kuanguka, Waziri alikuwa na habari njema ya kumpa Rais.

* * *

Siku ya Kipimo cha Taifa uwanja ulijaa. Kila aliyeingia alipewa Tulizo moja getini, aiweke kinywani na kuimeza pamoja na taifa wakati wimbo utakapopigwa. Rais aliketi jukwaani chini ya turubai. Waziri alizungumza kwa saa moja na nusu. Alisema Tulizo imeshinda. Alisema hakuna aliyekaa ghafla tangu mwezi wa tatu. Kisha akasoma maamuzi: kuanzia Jumatatu dozi itakuwa vidonge viwili, kila kata itapata wakaguzi wa mashavu, na kwa kuwa wananchi wamepona, ghala la peremende litateketezwa, isipokuwa maboksi machache ya matumizi ya ofisi.

Sikudhani alikuwa amesimama nyuma ya jukwaa na mkoba wake. Aliwaza wale wote waliokunjiwa karatasi, wiki ijayo, mwezi ujao. Jina lake likaitwa. Mpimaji mkuu ampime Rais mbele ya taifa, na aisome namba kwenye kipaza sauti. Namba yenyewe alikuwa ameshakabidhiwa kwenye bahasha.

Alipanda ngazi akishika ukingo. Alipoinama kumfunga Rais mkanda, aliona kitu ambacho hakuna aliyeketi mbali angeweza kukiona. Midomo ilikuwa imefura chini ya poda. Viatu vilikuwa vimefunguliwa kamba, miguu haikuenea ndani. Rais aliushika mkono wa kiti kwa nguvu zote.

"Nesi," akanong'ona, "mbona jukwaa hili haliko sawa? Nimewaambia mara tatu walirekebishe."

"Mtukufu, Tulizo unaimeza?"

"Kila siku. Mbili. Si ni ya kwangu?"

Ndipo Sikudhani alipoelewa. Katika nchi nzima, mawaziri walikuwa na peremende, watu walikuwa na mashavu, na aliyebaki akiimeza kwa imani ni huyu mmoja, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia. Zebaki ilipita mia mbili ikaendelea kupanda. Mbele yake hakumwona tena Rais. Alimwona mgonjwa. Hofu ilikuwa palepale, na sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Mia mbili kumi na nane kwa mia moja ishirini na sita. Mtukufu, kiache hiki kidonge. Leo."

Bendera tu ndizo zilizosikika.

"Wenzangu wanameza," Rais akasema, na hilo nalo likasikika. "Mbona wao hawana neno?"

"Wenzako hawamezi."

Wanaume wawili wenye suti za kijivu walianza kupanda ngazi. Sikudhani aliwaona, akashika kiti cha Rais ili asianguke. Kisha, katika safu ya mbele, bibi mmoja mwenye ushungi akasimama taratibu, kama mtu aliyeambiwa asiinuke kwa pupa. Bi Havijawa alifungua kinywa, akaingiza vidole viwili, akatoa kidonge kilicholowa, akakiinua juu. Kidevu chake kilikuwa cha buluu. Jirani wa kulia akatoa chake. Wa kushoto akatoa chake. Halafu ikaanza sauti iliyosikika kama mvua ya kwanza kwenye bati. Vilikuwa vidonge vikidondoka kwenye saruji, safu kwa safu, mpaka majukwaa ya juu. Lufingo alitema pale alipokuwa amesimama. Wale wawili wa ngazini wakatazamana, na mmoja akaziba mdomo kwa kiganja.

Rais alimgeukia Waziri wa Utulivu. Shavu la kulia la Waziri lilikuwa limetuna. Alijaribu kutabasamu nalo, ikashindikana.

* * *

Mtakaouliza nini kilifuata, ni hivi. Jioni redio ya taifa ilitangaza kwamba Siku ya Kutema ilikuwa imepangwa na Serikali tangu zamani, na imefana. Waziri Ngwengwe alihamishiwa Wizara ya Bendera, ambayo ilianzishwa asubuhi ile. Rais alipelekwa ndani na kuanzishiwa nusu ya kidonge cheupe. Anaendelea vizuri, ingawa anakohoa. Daktari Kihwelo alirudi amekonda, hana miwani, na hakuna anayemuuliza alikokuwa. Ghala halikuchomwa. Ile Amri haijafutwa. Imesimamishwa kwa muda usiojulikana, maana yake inaweza kuamka siku yoyote.

Jumatatu Sikudhani alifungua zahanati akiwa hajui kama atafunga mwenyewe. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Wa kwanza alikuwa yule mkwe wa Mzee Ndekirwa. Sikudhani alimkalisha dakika tano, naye alizihitaji kuliko mgonjwa. Nje gari lilisimama, mlango wake ukafunguliwa na kufungwa. Hakugeuka. Akapima mara mbili.

"Mia moja sabini na nne kwa mia moja na mbili."

"Ndiyo yangu kweli?" yule mwanamke akauliza. "Si ya Serikali?"

"Ni yako."

Mwanamke akairudia ile namba polepole, kama anayejifunza jina la mtoto mchanga, akakunjua kanga yake mapajani.

"Haya nesi," akasema. "Tunaanza na nini?"